MTOTO MWENYE NJAA NA SOMO LA ASUBUHI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa ni la jikoni tu. Mtoto anaamka, ananawa uso, anavaa shati jeupe na kushika njia ya masomo bila kutia kitu kinywani. Saa nne mwalimu anamwona anasinzia, anamwita mvivu, pengine anampiga. Mwisho wa mwaka anaanguka, na baba anasema mtoto huyu hana akili. Nakuuliza wewe msomaji: je, ni haki kumlaumu? Na kama si haki, lawama ni ya nani?

Ubongo wa mtu mzima hutumia kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu zote za mwili hata akiwa amekaa kimya, na wa mtoto hutumia zaidi. Aliyekula saa moja ya jioni, akafika darasani saa moja na nusu ya asubuhi, amekaa zaidi ya saa kumi na mbili bila chakula. Na huyo ni yule aliyekula jana.

Sheria yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba chakula kikiwa kimekwisha andaliwa, mtu ale kwanza ndipo aswali, ili moyo usiwe kwenye sahani. Amekataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, na wanavyuoni wakapima juu yake njaa kali, kwa kuwa nayo huchafua fikra. Basi ikiwa kadhi mwenye ndevu haaminiwi kufikiri vizuri akiwa na njaa, vipi tunamtaka mtoto wa miaka minane agawanye hesabu?

Hapa wapo ndugu husema: "Mbona Ramadhani tunafunga na kazi tunafanya?" Hoja hii naisikia kila mwaka, na haisimami. Mwenye kufunga amekula daku, na Mtume ametuhimiza daku akasema ina baraka. Amefunga kwa nia, naye ni baligh. Mtoto hakulazimishwa saumu. Njaa isiyo na nia haina thawabu ya kufunga, ni njaa tu.

Wengine humtaja Abu Hurayra (r.a.), kwamba alisoma na njaa hata akajifunga jiwe tumboni, na hakuna sahaba aliyepokea hadithi nyingi kumpita. Kweli. Lakini yeye alikuwa mtu mzima aliyechagua mwenyewe. Tena angalieni Mtume alifanya nini alipomwona katika hali ile. Hakuisifu njaa yake. Alipopata bakuli la maziwa alimtuma awaite watu wa Suffa wote, wale wanafunzi maskini waliokaa msikitini, wakanywa mmoja mmoja mpaka wakashiba, kisha Abu Hurayra, na Mtume akanywa wa mwisho.

Tusiseme pia kwamba uji peke yake unafundisha. Jirani zetu wa Kenya walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Busia na Teso. Wataalamu Christel Vermeersch na Michael Kremer walichukua shule 50 za chekechea. Katika 25 watoto walipewa uji wa asubuhi bure, 25 nyingine zikabaki kama zilivyo. Penye uji mahudhurio yalipanda kwa karibu theluthi moja. Lakini alama za mtihani zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa na mafunzo ya kazi yake. Tena muda wa kufundisha ulipungua, kwa sababu ya kupika na kugawa. Kwa hiyo uji humleta mtoto darasani, na atakachokikuta humo ni juu ya mwalimu.

Sasa turudi Bunia. Tangu Septemba 2019 Serikali imetangaza shule za msingi za umma kuwa bila malipo, na madarasa yamejaa. Tumbo halikutangaziwa kitu. Familia zilizokimbia Djugu tangu mapigano yalipowaka upya mwishoni mwa 2017 ziliacha mashamba ya muhogo na maharagwe. Leo mama ananunua kwa kopo kile alichokuwa akivuna kwa gunia. Mama huyo simlaumu hata kidogo.

Namsema baba mwingine. Huyu asubuhi unamkuta mgahawani na rafiki zake, chai ya maziwa na chapati mbili, na nyumbani hakuacha hata franka za mandazi. Nafaka ya watoto ni wajibu juu yake, na kuwapoteza anaowalisha ni dhambi ya kumtosha. Kiporo cha viazi vitamu cha jana, au muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, si gharama ya kumfilisi mtu.

Na madrasa zetu zinazokusanya watoto baada ya alfajiri na kuwaachia wakati kengele ya shule inalia? Mtoto anatoka kwenye juzuu anaingia kwenye hesabu, katikati hakuna kitu. Enyi maalimu, punguzeni robo saa ya mwisho. Na jamaa wa kila msikiti wachange unga wa mahindi, soya na sukari, sufuria moja ipikwe na akina mama kwa zamu wakati watoto wanasoma, ili kipindi kisipotee kama kule Busia.

Ila msiwaulize watoto ni nani hakula nyumbani. Mtoto ana haya, atasema ameshiba. Kikombe kipite kwa wote, wa tajiri na wa mkimbizi, kama lile bakuli lilivyopita Suffa.