Riziki ya Samaki Aliyefungiwa

Kumzoesha samaki wa tangini aache viluwiluwi vya mbu na minyoo hai, ale chakula cha punje, ni kazi ya subira. Furu wa Ziwa Victoria, ambao jamaa zao wengi walitoweka miaka ya 1980 baada ya sangara kupandikizwa ziwani, hulishwa punje katika matangi ya Ulaya na Marekani. Mfugaji huchanganya punje chache na chakula kilichozoeleka, akapunguza kilicho hai siku hadi siku, na kuondoa mabaki yasije yakaozesha maji.

Ndani ya kazi hii mna swali la haki, nalo humkabili hata anayefuga kambare bwawani Nyakahanga, Karagwe. Punje huonekana kuepusha mauaji, kwani hakuna kiumbe kinachotapatapa mbele ya mlishaji. Lakini punje nyingi zina unga wa samaki, na Afrika Mashariki unga huo mara nyingi ni dagaa wa Ziwa Victoria. Kifo kimehamia tu ufukweni, kwenye vichanja vya kuanikia.

Hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyemfungia paka hugusa kiini: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Zaburi ya 104 nayo huonyesha viumbe wa baharini wakimngojea Mungu awape chakula. Mwenye tangi amejitwalia kazi hiyo. Basi samaki anayekataa punje mpaka akakonda ana haki ya kurudishiwa minyoo yake, na mazoezi yaanze upya akishapata nguvu.