Mji Hufufuka kwa Ajili ya Nani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini apone nini? Tangu Hifadhi ya Bahari ianzishwe mwaka 1995, hoteli zimeota Utende, na wageni hufika kuogelea na papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi. Tunaambiwa Mafia imefufuka.

Ndugu msomaji, tuvuke kidogo hadi Chole. Pale palikuwa makao ya utawala wa Wajerumani, mpaka walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Majumba yakaachwa, mizizi ya mikuyu ikayakumbatia. Leo mgeni anazipiga picha kuta zile, anasema pazuri mno. Mimi sibishi, pazuri kweli. Ila uzuri wenyewe umetokana na watu kuondoka, na hapo ndipo ninapokwama.

Mvuvi aliyekatazwa juya anaambiwa matumbawe yakipona samaki watazidi. Hilo naliafiki. Lakini mji mimi naupima kwa kijana wake: anatamani kubaki? Wenzangu wa rika langu, jioni pale Kilindoni, wanaulizana boti ya Nyamisati inaondoka saa ngapi.