Rimoti ya Mama

Kitufe kilichoanza kusumbua kilikuwa kimoja tu, cha kuongeza sauti. Mwanzoni kilitaka kubonyezwa mara mbili. Miezi ikapita, kikawa kinataka kukandamizwa kwa kidole gumba mpaka ukucha unageuka mweupe, na mama, ambaye viungo vya vidole vyake vimevimba kwa miaka mingi sasa, akawa anaishika ile rimoti kwa mikono miwili kama mtu anayekamua ndimu kavu. Kwenye simu hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, ukija uniangalizie hii rimoti, inanipa tabu kidogo." Nilifika Tanga Jumamosi jioni. Nikaifungua Jumapili asubuhi, huku nimeshakata tiketi ya basi la saa saba mchana kurudi Dar es Salaam.

Haraka ile ndiyo iliyoniponza. Nilitoa betri, nikafungua skrubu moja iliyojificha mahali pa betri, halafu nikachomeka ncha ya kisu cha jikoni kwenye mshono wa plastiki na kupinda. Gamba likaachia kwa mlio, na kijino kinachoshika kifuniko cha betri kikavunjika. Nikajisemea kwamba selotepu itatosha. Ndani kila kitu kilikuwa na utandu wa mafuta, mpira wa vitufe unang'aa kama umepakwa samli. Uani palikuwa na thina iliyobaki siku tulipopaka geti rangi. Nikalowesha kitambaa, nikasugua mpira, nikasugua gamba, nikasugua bodi. Chini ya kitufe cha sauti niliona michoro miwili myeusi iliyoingiliana kama meno ya vitana viwili. Nikadhani ule weusi ndio uchafu wenyewe, nikatafuta kipande cha msasa na kuukwangua hadi shaba ikaonekana. Nikavirudisha vyote vikiwa bado vinanuka thina, nikazungusha selotepu raundi tatu, nikajaribu. Sauti ikapanda. Mama akanishukuru, akanifungia mihogo ya kukaanga ya njiani, nikaenda zangu stendi.

Mpira wa rimoti ni silikoni, na silikoni ikinywa thina huvimba kama kunde zilizolala kwenye maji. Ukiuacha wazi, thina huruka na mpira hurudi karibu na umbo lake. Mimi niliufungia ndani ya gamba ukiwa umevimba, kila kitufe kimebanwa kwenye tundu lake.

Saa mbili usiku mama alitaka kusikiliza taarifa ya habari. Akabonyeza kitufe cha sauti. Kikazama, hakikurudi juu.

Rimoti yenye kitufe kilichokwama haipumziki. Inatuma amri ile ile mfululizo, na ukibonyeza kingine, hata cha kuzimia, haikusikilizi. Sauti ilipanda mpaka mwisho. Mama akataka kutoa betri, akakuta selotepu yangu, raundi tatu, kwa vidole vile alivyo navyo. Runinga iko juu ukutani, tuliipandisha wajukuu wasiifikie, na soketi yake iko nyuma ya kabati. Akapanda stuli. Kijana wa jirani, aliyekuja mbio kwa sababu ya kelele, alimkuta amesimama juu yake, mkono mmoja umeshika ukuta, wa pili unapapasa nyuma ya runinga kutafuta swichi ambayo hajawahi kuiona, na mguu mmoja wa stuli umeinuka sakafuni. Alimshika kiunoni akamshusha, kisha akaenda kuzima swichi kuu ya nyumba. Mama ana miaka 74. Najua maana ya kuvunjika nyonga katika umri ule, na aliponipigia yule kijana kunisimulia, usiku huo sikupata usingizi.

Wiki iliyofuata nilirudi bila tiketi ya kurudia. Nikaipeleka rimoti Ngamiani, kwa mzee mmoja fundi redio ambaye amekuwa akitengeneza vitu vya mtaa wetu tangu niko shule ya msingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaipokea, akainusa kabla hajaifungua. "Thina hiyo," akasema. Hakunigombeza. Alinivutia kigoda nikae upande wenye mwanga.

Kwanza hakufungua kitu. Wiki ilikuwa imepita, na kitufe kilichokwama kilikuwa kimesharudi juu. Aliweka betri mpya, akawasha kamera ya mbele ya simu yake, akailenga ile taa ndogo iliyo puani mwa rimoti na kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine. Mwanga wa rimoti ni infraredi, aghalabu wa nanomita 940 hivi, jicho haliuoni, ila kamera nyingi za mbele za simu huuonyesha kama kimulimuli cheupe au cha zambarau. Kwa vitufe vingi kilimulika. Kwa vya sauti, kimya. Basi betri, taa na bongo la rimoti ni vizima, alinieleza. Isingemulika kwa kitufe chochote, angeanzia kwenye springi za betri zilizoota kutu, au angeuliza kama iliwahi kuanguka, kwa sababu mle ndani kuna kijipande cha kauri kinachoipa rimoti mapigo yake, nacho huvunjika. Vikifa vitufe vya mstari mmoja mzima, njia imekatika kwenye bodi, maana vitufe hupangwa kwa safu na mistari na huchangia njia moja. Hapo hata usafishe mwezi mzima hupati kitu. "Lakini kimoja hapa, kimoja pale, na ni vile vinavyobonyezwa kila siku?" akasema. "Huo ni uchafu. Mara nyingi ni uchafu tu."

Alifungua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda, akiipitisha taratibu kwenye mshono mpaka vijino vikaachia kimoja kimoja. Akaupindua mpira akanionyesha tumbo lake. Chini ya kila kitufe kuna kidonge cheusi cha kaboni. Kidole kikishuka, kidonge kinagusa vile vitana viwili vya kwenye bodi, umeme unavuka. Kazi yote ya kitufe ni hiyo. Nguvu ya ziada haisaidii chochote, inauchosha tu ule ukingo mwembamba wa mpira unaokirudisha kitufe juu. Huwa nakumbuka rimoti ya kampuni ya Zenith ya mwaka 1956, aliyoibuni Robert Adler kule Marekani: haikuwa na betri kabisa, kitufe kilirusha nyundo ndogo ikagonga ufito wa alumini, na runinga ikapokea mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Kwenye rimoti ile kidole kilikuwa na kazi ya kweli. Siku hizi kinafunga tu njia ya umeme, lakini mkono bado unaamini kwamba ukikazana zaidi utasikika.

"Weusi huu na weusi ule ni kitu kimoja," mzee akasema, akigusa kidonge kisha bodi. "Ulichokikwangua ndiyo njia yenyewe." Shaba niliyoiacha wazi ilikuwa imeshaanza kufifia. Kwa hewa ya chumvi ya pwani hii, haikawii kuota kijani.

Ule utandu wa mafuta unatoka wapi, nilimuuliza, maana mama anakula kwa kijiko na hapeleki rimoti jikoni. Baadhi ni mafuta ya ngozi, na baadhi hutoka kwenye silikoni yenyewe, ambayo hujikamua kidogo kidogo miaka ikienda. Hivyo hata rimoti inayotunzwa itafika hapo. Dawa yake haina gharama. Alitoa mpira peke yake, akautia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, akapitisha kidole juu ya kila kidonge kwa upole wa mtu anayemwosha mtoto uso. Akausuuza, akautandaza kivulini ukae usiku kucha. Bodi hupanguswa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo, na pamba ikichafuka hubadilishwa. Niliuliza kama kitakasa mikono kingefaa. Akakataa: kina gliserini, utatoa mafuta na kuweka mengine. Petroli na thina hakutaka hata tuvizungumzie.

Kidonge kikishachakaa, watu hukibandika kipande cha karatasi ya alumini kwa supa gluu. Aliwahi kupokea nyingi za namna hiyo, na kipande kimebanduka kimezagaa ndani, kwa sababu supa gluu haishiki vizuri kwenye silikoni. Yeye hutumia gundi ya silikoni ya kuzibia vioo, tone la ukubwa wa kichwa cha pini, na husubiri hadi kesho yake. Kupaka risasi ya penseli laini kunasaidia pia, kwa muda mfupi. Binafsi ningeanza na maji na sabuni na kuishia hapo hapo.

Bodi ya mama haikuwa ya kuponywa tena. Ukutani kwa mzee zilining'inia rimoti za kuseti, zile zinazokubali runinga nyingi, nikamwambia nitachukua moja tuyamalize.

"Hii anaitumia nani?"

"Mama."

"Anaona vizuri?"

"Ana mtoto wa jicho."

"Basi mwachie gamba lake," akasema, na kuvuta kutoka chini ya meza sanduku la rimoti zilizokufa. Alichakura muda mrefu. Alipata ya aina ile ile, gamba limepasuka vipande viwili, tumbo zima. Bodi na mpira wake akavisafisha mbele yangu, na siku ya pili, vilipokauka, akaviweka ndani ya gamba la mama. Kijino kilichovunjika alikibadilisha kwa kile cha rimoti iliyokufa, na kifuniko cha betri kikarudi kufunguka kwa kidole kimoja.

Nilimpa mama alasiri. Akaipakata, kidole gumba kikapanda moja kwa moja kwenye pembe ya juu, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Tone langu liko wapi?"

Sikumwelewa. Akaniambia kwamba mwaka jana mjukuu wake alimwekea tone la rangi ya kucha kwenye plastiki, kando ya kitufe cha kuzimia. Lilikuwa limetuna kidogo, na kwa tone hilo kidole chake kilijua vitufe vingine vyote vilipo. Niliitazama pembe ile. Plastiki ilikuwa imepauka, nyeupe, na laini kabisa. Nililifuta kwa thina asubuhi ile ya Jumapili, na siku zote nilizokaa nyumbani sikuwahi kujua kwamba lipo.

Tukamwita mtoto. Alikuja na kichupa chake chekundu, akamshika bibi yake mkono, akamuuliza, "Hapa?" Mama akasogeza kidole kidogo kushoto. "Hapa." Mtoto akadondosha tone moja, akalipuliza. Tukaiweka rimoti dirishani, na mimi nikakaa pale pale mpaka tone likakauka.