Nadhiri ya Mama, Mzigo wa Mtoto



Majuzi bwana na bibi mmoja wa parokia yetu, wenye asili ya Goa, walinijia jioni, kila mmoja amenuna. Bibi alipokuwa na mimba ya mapacha alipata taabu nyingi, akaweka nadhiri kwamba watoto wakizaliwa salama atawapeleka Velankanni kwa sikukuu ya Mama Bikira Maria, mwaka huohuo. Sasa watoto wana miezi minne na sikukuu inakaribia. Bwana alisema, “Uliahidi bila kuniuliza.” Bibi akajibu, “Nisipokwenda, Mungu atawachukua.”

Ndugu msomaji, pengine hujapasikia Velankanni. Ni mji mdogo pwani ya Tamil Nadu, kusini mwa India, wenye kanisa kubwa la Mama Yetu wa Afya Njema. Papa Yohane wa 23 alilipa hadhi ya basilika mwaka 1962. Kuanzia tarehe 29 Agosti hadi 8 Septemba hufika mamia ya maelfu ya watu, na miongoni mwao wamo Wahindu na Waislamu. Wengine hutembea siku nyingi kwa miguu. Wengine huenda kwa magoti juu ya mchanga. Wasio na watoto hutundika vitanda vidogo vya kubembelezea, na waliojaliwa huwanyoa watoto wao nywele kwa shukrani. Ibada hiyo ni njema, na mwaka 2024 Roma yenyewe iliandika kuisifu.

Nakiri kwamba mwanzoni nilitaka kumuunga mkono bibi. Mimi mwenyewe hufundisha kwamba ahadi kwa Mungu si mchezo. Lakini nilipomtazama yule mtoto aliyelala begani mwa baba yake, nikajiuliza: nadhiri hii ni ya nani, na atakayeilipa ni nani?

Sheria ya Kanisa inatusaidia hapa. Kanuni ya 1191 inafundisha kwamba nadhiri ni ahadi ya hiari kwa Mungu juu ya jambo linalowezekana na lililo jema zaidi. Kanuni ya 1193 inasema nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka. Basi mapacha hawakuahidi kitu. Hawana deni lolote mbele ya Mungu. Tena bwana naye hakuahidi, ijapokuwa watoto ni wake na nauli ingetoka mfukoni mwake.

Someni habari za Yefta katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 11. Aliahidi kwa haraka, na aliyelipa ni binti yake. Sisi huona ni ukatili. Lakini mtoto wa miezi mitano akibebwa katika jua la pwani, katikati ya msongamano, kabla hajapata sindano ya surua ambayo hapa Kenya huanza kutolewa akiwa na miezi 9, je, sisi tuko mbali sana na Yefta?

Bibi aliniambia, “Katekista, mahali patakatifu Mama atawalinda.” Nilimjibu kwa upole, maana nalifahamu pendo lake. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Noeli, tsunami ilipiga Velankanni. Maji hayakuingia ndani ya basilika, lakini mahujaji wengi waliokuwa nje karibu na ufuko walikufa. Nani atasema hao walikosa imani? Tunakwenda mahali patakatifu kusali. Hatuendi ili tupate ruhusa ya kuacha busara nyumbani.

Yako mapokeo ya Velankanni yenyewe ambayo nilimkumbusha. Wanasimulia kwamba kijana mmoja alikuwa akipeleka maziwa kwa tajiri wake, akamkuta Mama mzuri amembeba Mtoto. Mama hakumwomba mshumaa wala magoti. Alimwomba maziwa kwa ajili ya Mtoto wake. Basi, bibi anayekaa nyumbani akinyonyesha mapacha anafanya kile Mama huyo alichokiomba.

Je, nadhiri itupwe? La. Kanuni ya 1197 inamruhusu aliyeweka nadhiri yake binafsi kuibadilisha kwa tendo lililo sawa au bora zaidi. Na kwa sababu ya haki, paroko anaweza kumfungua mwanaparokia wake, mradi haki za wengine zisidhurike. Niliwapeleka kwa Padre. Bibi alibadilisha: mwaka huu watakwenda wote Subukia siku isiyo na umati, na Velankanni watakwenda pamoja watoto wakishakua, baada ya wote wawili kupanga fedha na safari.

Lakini jambo zito lilibaki kwa bwana. Nilimwuliza, “Usiku ule bibi alipokuwa akiogopa kufa na watoto tumboni, wewe ulikuwa wapi?” Alinyamaza, kisha akasema alikuwa amelala. Bibi aliweka nadhiri peke yake kwa sababu aliogopa peke yake. Mabwana, kabla ya kulalamika kwamba hukuulizwa, jiulize kama ulikuwapo wa kuulizwa.

Nanyi mabibi, msimfanye Mungu kuwa kama mwenye duka anayeandika madeni ya watoto. Yusufu na Maria walimpeleka Yesu hekaluni akiwa mchanga, lakini walikwenda wawili, na walitoa sadaka ya watu maskini, kadiri ya uwezo wao.

Leo usiku, watoto wakishalala, ulizaneni: kuna ahadi gani mmoja wetu amempa Mungu ambayo mwingine haijui? Kisha salini pamoja fumbo moja la Rozari.

Mungu azibariki ndoa zenu.