Mwili Wako Una Haki, Hata Wiki ya Mitihani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba na kutupa akili ya kujifunza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Mitihani ya mwisho wa muhula imekaribia, na kila inapokaribia nayaona mambo mawili katika hosteli zetu. La kwanza ni kukesha. Taa hazizimwi, mairungi yanatafunwa, vinywaji vya kuongeza nguvu vinapangwa mezani, na Alfajiri inapoadhiniwa ndipo mtu anajilaza. La pili linaniuma zaidi. Ndugu anaingia chumba cha mtihani, anafunua karatasi, na yote aliyoyasoma yanamtoka kichwani. Akirudi chumbani analia, mwenzake anamwambia: "Angalia dhambi zako, ndizo zinazokusahaulisha."

Leo nataka tuyapime mambo haya kwa mafundisho ya dini yetu, pamoja na yale yanayojulikana kuhusu ubongo na neva. Aliyeteremsha Kitabu ndiye aliyeuumba ubongo, na hakuna ubaya wowote kuviangalia vyote viwili kwa pamoja.

Hofu si dhambi

Mtu anapohisi hatari, ubongo hutuma amri mwilini kabla hata hajafikiri. Tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na baadaye kidogo kotisoli. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoka jasho, mdomo unakauka. Hii ni neema. Ndiyo inayomwezesha mtu kumkimbia nyoka au kuikwepa bodaboda. Hofu kidogo humsaidia hata mwanafunzi, kwa sababu humwamsha na kumfanya awe makini.

Lakini inapozidi, mambo hugeuka. Sehemu ya mbele ya ubongo, tunayoitumia kupanga na kupima mambo, hufanya kazi kwa udhaifu. Njia ya kuyafikia tuliyoyahifadhi nayo huwa nzito. Elimu haijafutika, imefungiwa mlango. Ndiyo maana mtu hutoka nje ya chumba cha mtihani, akavuta pumzi chini ya mti, na jibu likamjia lenyewe.

Sasa tumtazame Nabii Musa (A.S.). Alipotumwa kwa Firauni, katika Surat Taha tunasoma kwamba alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amrahisishie kazi yake na aufungue ulimi wake ili watu wamwelewe. Kifua na ulimi! Ndivyo vinavyombana mtu anaposimama mbele ya jambo zito. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa kuhofu. Alimjibu dua yake na akampa nduguye Harun awe msaidizi.

Mtume wetu (S.A.W.) naye, baada ya wahyi wa kwanza katika pango la Hira, alirudi nyumbani akitetemeka na kuomba afunikwe. Bi Khadija (R.A.) hakumuuliza amefanya kosa gani. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka, kisha akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake: kuunga udugu, kumkirimu mgeni, kumsaidia mnyonge. Ndugu yako akirudi kutoka mtihani akitetemeka, una mfano wa Bi Khadija wa kuufuata.

Sheria yetu pia inatambua kwamba akili iliyovurugika haifanyi kazi sawasawa. Mtume (S.A.W.) alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Kadhi huyo anaweza kuwa mcha Mungu na msomi mkubwa, lakini saa ile hukumu yake haiaminiki.

Najua wapo watakaonikumbusha beti mashuhuri zinazonasibishwa kwa Imam Shafi'i, ambamo analalamikia hifadhi yake na mwalimu wake Waki' anamwelekeza kuacha maasi. Ni nasaha njema, na toba ni wajibu wetu sote. Lakini tuangalie: mwenye kulalamika ni yeye mwenyewe, na anajihesabu nafsi yake. Hamhesabii jirani yake. Nasaha ya kujihesabu tusiigeuze jiwe la kumrushia mwenzetu aliyeanguka.

Usingizi ni sehemu ya kusoma

Ndani ya ubongo, pande zote mbili, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Umuhimu wake ulidhihirika kwa mtu mmoja wa Marekani, Henry Molaison. Mwaka 1953 alipasuliwa ili kutibiwa kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi ikaondolewa pande zote mbili. Baada ya hapo aliendelea kukumbuka mambo ya utotoni, lakini hakuweza kuyashika matukio mapya. Mtu aliyezungumza naye akitoka nje na kurudi baadaye, kwake alikuwa mgeni tena. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008.

Tunachosoma mchana hupitia hapo. Tunapolala, ubongo huyarudia yale ya mchana na kuyaimarisha ili yakae. Kwa hiyo anayesoma usiku kucha bila kulala ni kama mkulima aliyevuna, akaacha mahindi shambani yanyeshewe. Mairungi na kahawa havibadilishi jambo hili. Huficha uchovu tu, na deni la usingizi hubaki palepale.

Katika Surat an-Naba Mwenyezi Mungu ameutaja usingizi kuwa mapumziko yetu, na usiku kuwa kama vazi linalotusitiri. Anautaja miongoni mwa neema zake kubwa, pamoja na ardhi na milima. Na Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza anayesinzia katika swala alale kwanza mpaka usingizi umtoke, kwani huenda akataka kuomba msamaha, kumbe anajiapiza. Ikiwa swala ya usiku inangoja usingizi, je, makaratasi ya kozi yana heshima gani ya kukataa kungoja?

Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa kijana aliyefunga kila siku na kusimama kila usiku. Mtume (S.A.W.) alimzuia, akamfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki juu yake. Kijana yule alikuwa anakesha kwa ibada, na bado alizuiwa.

Ngamia waliofungwa

Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kuihifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa kamba. Akiwaangalia mara kwa mara, watabaki wake. Akiwaacha, watakwenda zao. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja.

Sisi tuliopita madrasa tulilelewa hivyo bila kuambiwa sababu. Somo jipya asubuhi, muraja'a jioni, na siku maalumu ya kusikilizwa yote ya nyuma. Qur'ani yenyewe iliteremka kwa takriban miaka 23, na Surat al-Furqan inatueleza kwamba ilikuwa hivyo ili kuuthibitisha moyo wa Mtume (S.A.W.). Kila Ramadhani Jibril (A.S.) alimrejesha yaliyoteremka, na mwaka wa mwisho wa uhai wake akamrejesha mara mbili. Basi itakuwaje sisi tumeze muhula mzima kwa usiku mmoja?

Tufanye nini?

Kwanza, tukishaswali Isha na kudurusu kidogo, tulale. Tuamke kabla ya Alfajiri, tuswali, kisha tusome kichwa kikiwa kipya.

Pili, tusomeane. Funga daftari, mweleze mwenzako somo kama unavyomsomea ustadhi juzuu. Kulitoa somo kichwani hulikaza kuliko kulipitia kwa macho mara kumi.

Tatu, hofu ikikushika katika mtihani, weka kalamu chini. Vuta pumzi, kisha itoe polepole. Pumzi ndefu ya kutoka huipa nguvu neva iendayo moyoni, na mapigo hupungua. Soma dua ya Nabii Musa kwa utulivu, kisha anza na swali unalolijua.

Nne, hofu ikidumu wiki nyingi, ikakunyima usingizi na chakula, nenda kwa daktari au mshauri nasaha wa chuo. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na yeye mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na hamu na huzuni.

Hatuswali ili mapigo ya moyo yapungue, ndugu zangu. Tunaswali kwa kuwa ni haki ya Mola wetu. Lakini Surat ar-Ra'd imetubashiria kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye, basi tusiikose neema hiyo katika siku tunazoihitaji zaidi.

Ewe Mola wetu, tukunjulie vifua vyetu, turahisishie mambo yetu, utuzidishie elimu yenye manufaa, na utujaalie tuwe faraja kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.