Mafuta ya Moshi, Maji ya Ngarambe

Kila aliyewahi kusimama jikoni anajua kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Hata hivyo, kila nikikaa nikaitafakari misiba iliyoipata nchi yetu kwa njia ya imani, naviona vitu viwili hivi vikikutana mahali pamoja: mafuta yaliyomwagwa Moshi mwaka 2020, na maji yaliyotolewa Ngarambe mwaka 1905. Baina yao imepita miaka 115, na swali halijabadilika. Mtu anapompenda na kumwamini mwenziwe, je, ana ruhusa ya kumkabidhi kila alicho nacho, mpaka macho yake?

Tuanze na Moshi. Siku ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, umati mkubwa ulikusanyika katika uwanja wa Majengo, katika mji ule uliokaa miguuni mwa Kilimanjaro, kwenye ibada ya Mtume Boniface Mwamposa wa huduma ya Inuka Uangaze. Mikusanyiko ya namna hiyo tunaijua sote, na haja zinazowapeleka watu huko ni zile zile zetu: maradhi yasiyopona, tumbo lisiloshika mimba, deni lisilolipika, mtoto aliyepotelea ulevini. Giza lilikuwa limekwisha kuingia wakati watu walipotakiwa wapite wakanyage mafuta ya upako. Kila mmoja akataka asikose. Njia ikawa nyembamba kuliko matumaini yaliyotaka kupita humo. Watu 20 wakafariki dunia, na wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Waliokwenda kukanyaga mafuta wakakanyagana wenyewe kwa wenyewe. Mhubiri alikamatwa na polisi kwa mahojiano, viongozi wakatoa rambirambi, wafu wakazikwa, na mlima ukabaki pale pale.

Habari zilipotufikia huku visiwani, wako waliotikisa vichwa wakasema: "Masikini wale, ujinga umewaua." Kauli hiyo ilinikera, na inanikera mpaka leo, kwa sababu ndani yake mna neno "wale". Nani wale? Mwezi Julai 1990, mahujaji 1,426 walikufa kwa msongamano katika njia ya chini ya mlima kule Mina, nao walikuwa katika ibada ambayo hapana Mwislamu asiyeitamani. Tarehe 21 Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Mwaka 2011, msururu wa magari ulikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na ndani ya magari yale hawakuwamo wasiojua kusoma peke yao. Walikuwamo wasomi na wakubwa wa serikali. Basi tusilitafute kosa katika dini fulani, wala katika umasikini, wala katika kukosa shule.

Tukubali pia kwamba misiba hii haikufanana. Mwingine ulitokana na mlango mwembamba na mpango mbaya tu, na mlango haumuulizi mtu dini yake. Baada ya msiba mwingine wa Mina, mwaka 2006, daraja la Jamarati lilibomolewa, likajengwa jingine la ghorofa kadhaa. Mapenzi ya mahujaji kwa Mola wao hayakupunguzwa hata chembe. Kilichoongezwa ni jicho la mtu wa kuangalia miguu itapita wapi. Hilo peke yake linatufundisha jambo: kuangalia si adui wa kuabudu. Ila kwa Moshi, mlango haulimalizi swali. Kulikuwa na jingine lililoutangulia, nalo ni ile imani kwamba baraka ipo pale chini tu, saa ile tu, kwa mkono wa mtu yule tu, na atakayechelewa ameikosa. Aliyeamini hivyo hawezi kumpisha jirani yake. Hamuoni tena jirani; anaona mafuta.

Imani ya namna hii watu huiita imani kipofu. Mimi naona jina hilo linawaonea vipofu. Nani asiyewaona wasioona wakipita katika vichochoro vya miji yetu? Mtu asiyeona haendi ovyo. Hutanguliza bakora, hupapasa ukuta, husikiliza, huuliza: "Hapa pana ngazi?" Akishikwa mkono na mtoto, bado mguu wake huionja ardhi kabla ya kuukabidhi mwili mzima. Kipofu ni mtu makini kuliko sisi. Huu tunaousema si upofu, bali ni kuazimisha macho: mtu ana macho mazima, akayatoa akampa mwingine, akasema, "Wewe nionee." Na aliyeazima macho ya watu elfu kumi haoni mara elfu kumi zaidi. Bado anaona kwa mawili yale yale aliyozaliwa nayo, na pengine anaona pungufu, kwa kuwa hapana tena wa kumwambia kwamba mbele yake pana shimo.

Hapa ndipo yanapoingia maji ya Ngarambe. Kinjikitile Ngwale alitoa maji akawaambia watu kwamba yatawakinga na risasi za Wajerumani. Alinyongwa mwezi Agosti 1905, vita vilipokuwa vimeanza tu, na vita vikaendelea mpaka 1907. Waliokufa hawakuhesabiwa, makadirio yanaanzia watu 75,000 na kufika karibu 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Watu wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamechoka na viboko, kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na kabila moja moja lilikuwa halifui dafu mbele ya mzinga. Maji yaliwapa kitu ambacho hapana bunduki iliyoweza kuwapa: umoja.

Mwana wa Kilwa, Ebrahim Hussein, aliligeuza tukio hili kuwa tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, na sijui katika fasihi yetu mhusika aliyebanwa na mapenzi ya watu kama yule. Wengi tuliisoma shuleni au nje ya shule kama hadithi ya ushujaa, nayo ni hivyo. Lakini isome tena, ndugu msomaji, uangalie anachotendwa Kinjeketile na wanaomwamini. Anaanza kushuku. Anayapima maneno aliyoyatamka mwenyewe alipokuwa amepagawa, anaona ndani yake mna utumwa mwingine unaongoja. Anataka watu wasubiri, wajizoeze vita, wasiyategemee maji peke yake. Nani atamsikiliza? Neno limekwisha mtoka, limekuwa kubwa kumshinda. Watu hawamtaki tena yeye, wanayataka maji. Mwisho, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua adui atalitumia ungamo lile kuwaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kupigana.

Msiba wake ni huo: shaka yake ilikuwa kweli, na kukataa kwake kuitangaza kulikuwa haki, na baina ya kweli na haki hakuna aliyebaki wa kusema naye. Wote walikuwa wamekwisha kumpa macho yao. Lau angekuwako mmoja, mapema, aliyempenda kiasi cha kumuuliza, "Una hakika?" pengine Kinjeketile angepata pa kuitua shaka yake ingali nyepesi. Sisemi vita visingepiganwa. Dhuluma ilikuwa dhuluma. Nasema huenda vingepiganwa na watu wanaojua kwamba risasi ni risasi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaosema kwamba madhara ya mapenzi ya namna hii humwangukia mfuasi tu. Humwangukia na anayefuatwa. Mhubiri, shehe, mwanasiasa, au hata mshairi anayesifiwa kila anapofumbua kinywa, hukaa mahali pa hatari, kwani ameondolewa kile kitu kinachomrekebisha binadamu, nacho ni uso wa mwenziwe unaokunja ndita. Haya ninayasema kwa fundi na mwanafunzi wake kama ninavyoyasema kwa Mtume na waumini wake. Msifu aliyezimia kwa mapenzi hakuzi ushairi wa mtu; anauzika.

Najua hoja itakayonijia, na ni nzito. Msomaji atasema: "Huko si ndiko kumtia mtu shaka katika dini? Ibrahimu angekaa akauliza maswali, angeitwa rafiki wa Mungu?" Nami namrejesha msomaji kwa Ibrahimu huyo huyo. Sisi tuliolelewa kwenye vyuo vya Kurani tunajua kwamba alipooteshwa ndoto ya kumchinja mwanawe, hakumvamia kijana usingizini. Alimweleza aliyoyaona, akamtaka atazame atoe rai yake. Katika saa ya utiifu mkubwa kuliko wote, baba alimwachia mwana macho yake. Na ni Ibrahimu aliyemwomba Mola amwonyeshe namna anavyowahuisha wafu, si kwa kuwa hakuamini, bali ili moyo wake utulie. Wala hakukemewa, alionyeshwa. Na ndugu zetu Wakristo wanaye Tomaso, aliyetaka kuyaona majeraha. Hakufukuzwa katika kundi, alionyeshwa majeraha. Ikiwa Mwenyezi Mungu mwenyewe havunjiki heshima kwa kuulizwa, binadamu gani huyo anayevunjika?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na kwa hiyo sitaijibu kwa mkogo. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa, ambaye hospitali imemwambia hapana zaidi la kufanya, au iko dawa lakini bei yake haifikiki, ataambiwaje "angalia"? Ameangalia. Ameona njia zote zimeziba, ikabaki moja. Moshi ina hospitali kubwa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inayopokea wagonjwa wa mikoa mingi, na kitengo chake cha macho kina sifa. Lakini tiba ina mwisho wake, na matumaini hayana. Mama huyu mimi simlaumu. Akitaka kukanyaga mafuta, na akanyage, na Mungu amjibu. Lawama naiweka kwingine: kwa yule anayejua kwamba mama huyu hana njia nyingine, akamwambia kwamba baraka ni ya atakayewahi. Kumtia haraka mtu aliyekata tamaa ni dhuluma, hata ikifanywa kwa jina tukufu. Na tukisahau hilo, mwisho wake tumekwisha kuuona pwani yetu wenyewe, katika msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi, ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioacha kula ili waonane na Mola wao.

Basi tufanye nini na mapenzi yetu? Tuyapoze? La. Mtu asiyempenda wala kumwamini yeyote hakuokoka, amekauka. Jibu naliona kule kule Kilimanjaro, katika mambo mawili ambayo wenyeji wanayo tangu zamani.

La kwanza ni jani la isale. Mchaga aliyemkosea mwenziwe huchukua jani hilo akaenda nalo kuomba radhi, na aliyeletewa isale ni vigumu kwake kukataa kusamehe. Jani lenyewe ni jani tu. Limeota mpakani mwa kihamba, mbuzi angeweza kulila. Kila mmoja anajua kwamba nguvu haimo ndani ya jani. Imo katika watu wawili waliosimama wakatazamana, mmoja amekiri na mwingine amekubali. Isale haimfanyi mtu amkanyage jirani; inamrudisha mlangoni kwake. Hivyo ndivyo alama takatifu inavyopasa kuwa: ituonyeshe mtu, isitufichie.

La pili ni kiongozi wa wapanda mlima. Usiku wa kukiendea kilele huanza mnamo saa sita, kwa taa ndogo, kwenye baridi kali na hewa haba. Mgeni hajui njia. Maisha yake yamo mikononi mwa kijana wa Marangu au Machame anayemtangulia kwa hatua za polepole. Kuamini gani kuliko huko? Lakini kila baada ya muda kijana yule hugeuka akauliza: kichwa kinauma? Unataka kutapika? Unaniona vizuri? Naye mgeni analazimika kusema kweli, kwani akiuficha ugonjwa kwa kumwonea haya kiongozi wake, wote wawili wamo hatarini. Na ikibidi, kiongozi humteremsha mtu aliyelipa fedha nyingi, kilele kikiwa kinaonekana, na mgeni analia. Kilele cha mita 5,895 kina sifa yake, lakini sifa ya kiongozi ni watu aliorudi nao chini.

Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa kila anayetutangulia, msikitini, kanisani, bungeni na barazani: je, anageuka kuuliza? Na kipimo changu mimi ninayefuata ni hiki: nikiulizwa, nasema kweli? Wale 20 wa Majengo hawakuulizwa. Namwomba Mungu awape pale wanapopata watu wenye subira, mahali pasipo na mlango mwembamba. Nasi tuliobaki, na nafsi yangu ikiwa ya mwanzo kuusiwa, nauweka hapa ubeti mmoja:

Moyo ukitaka toa, macho usiyaazime,
Nuru uliyopokea, ni amana isizime,
Hatua akikosea, mwombe hapo asimame,
Penda ukiangalia, pendo lako lisikome.