Malaika wa Nani?

Rembrandt alipokuwa akiwafundisha vijana kuchora huko Amsterdam, mwalimu na wanafunzi walivirudia visa vilevile vya Biblia: Ibrahimu akiwafukuza Hajiri na Ishmaeli, Danieli katika tundu la simba, Tobia na malaika. Wino ulikuwa uleule wa kahawia, na mara nyingi hakuna aliyetia sahihi. Mtaalamu wa sanaa Otto Benesch, katika orodha aliyoanza kuichapisha mwaka 1954, alimpa Rembrandt michoro ipatayo 1,400. Leo wataalamu wanamwachia karibu nusu tu. Mingine imekwenda kwa wanafunzi wake Ferdinand Bol, Govert Flinck, Nicolaes Maes na wenzao, na mingine haina mwenyewe.

Kwa muda mrefu hoja ilikuwa hii: mchoro wenye nguvu ni wa mwalimu, uliolegea ni wa mwanafunzi. Hoja hiyo inajizunguka. Ubora wa Rembrandt tunaupima kwa michoro tuliyompa kwa kuwa ni bora, na mwanafunzi hawezi kamwe kuonekana hodari, maana kila alichokichora vizuri kimekwisha kuhesabiwa kuwa cha mwalimu wake. Hii ni dhuluma kwa wafu, nami siioni kuwa ndogo. Tena inamnyima Rembrandt mwenyewe haki ya kuwa na siku mbaya.

Njia ya haki huanza kwa mwanafunzi: kutafuta karatasi zenye sahihi yake, au zile alizochora kujiandalia picha ya rangi inayojulikana kuwa yake, na kuuliza jicho lake linatua wapi. Mwaka 2009 makumbusho ya Getty, Los Angeles, yaliweka michoro ya Rembrandt na ya wanafunzi wake bega kwa bega ili watu walinganishe. Ukiangalia hivyo, unatafuta tabia ya mtu badala ya daraja lake.

Lakini hata njia hiyo inadhani kila karatasi ina mtu mmoja. Huko Berlin kuna mchoro wa Constantijn van Renesse: Gabrieli akimpasha Mariamu habari. Rembrandt aliusahihisha kwa mistari minene ya kalamu, akamkuza malaika juu ya yule wa mwanafunzi wake. Mistari minene ni ya mmoja, wazo la kuwakutanisha malaika na Mariamu pale ni la mwingine, na ukubwa wa malaika ni jibu la mwalimu kwa swali ambalo mwanafunzi ndiye aliyeliuliza. Mimi ningeandika majina yote mawili, la Renesse likitangulia, kwa sababu bila karatasi yake Rembrandt hangekuwa na malaika wa kumkuza.